Benchi la Godeliva

Walianza siku ya mgao. Hiyo haikuwa busara:
mwenye kadi mkononi hasikii neno,
anasikia kilo.

Mchungaji Tuntufye, mtu wa Rungwe, na Dada Solveig
mwenye soksi ndefu na barua nyingi za kwao,
walinivuta kando ya ghala, hapa Nyarugusu,
mimi mkalimani wa Kibembe, Kirundi, na kunyamaza.
"Wilondja, watu wa hapa humfuata nani?"

Nikataka kusema: foleni.

Lakini nilikuwa nalipwa, tena kwa wakati. Nikawatafutia.
Asukulu, zamani mwalimu mkuu kule Fizi,
tai moja, Kifaransa kilichopigwa pasi.
Nzigamye, ambaye akiomba
turubai hupepea pasipo upepo.
Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuja na mpwa wake,
na mpwa wa mpwa wake, wote na kalamu.
Dada Solveig akaandika majina kwenye daftari la kijani
na mbele ya kila jina akaacha nafasi ya cheo.

Miezi mitatu, Jumanne na Alhamisi,
chini ya bati lenye matundu
(saa saba jua humwaga sarafu sakafuni, hazinunui kitu)
tukasoma habari za Yethro alivyomwonea huruma mkwewe:
gawa mzigo, Musa, utakufa.
Asukulu akanyoosha mkono. "Na hao aliowagawia,
posho yao ilitoka fungu gani?"
Nilitafsiri. Sikuongeza chumvi.

Alhamisi moja Godeliva Nibigira aliingia katikati ya somo.
Hakubisha hodi.
"Hilo mnalokalia ni la msiba.
Zoni ya Tisa mtoto amefariki."
Viongozi wakasimama. Akajitwisha benchi lake, akatoka.

Mchungaji akafunga kitabu. Akalifuata benchi.

Wiki ile alilifuata mara nne,
matope mekundu ya Kasulu hadi magotini.
Aliona likitua uani, kilio kinapata pa kukaa.
Mahasimu wawili wakabanana hapo bega kwa bega,
maana halitoshi makalio na chuki kwa pamoja.

"Mama," akamwambia, "nikufundishe kuhubiri."
"Nifundishe kusoma majina.
Pale ubaoni wanabandika ya wanaorejea kwa hiari"
(neno hilo nalitafsiri kila wiki, bado linanishinda)
"na vijana wanaotusomea wanataka mia tano."

Basi akamfundisha kwa orodha zenyewe.
Dada Solveig alileta vitabu vya picha, kuku na mpira.
Godeliva akavirudisha. Kuku namjua.
Kidole chake, kigumu kwa mihogo ya watu wa Makere,
kikapanda, kikashuka: Nda-yi. Ha-ki.
Machi hadi Agosti.

Siku aliyosoma bila kutikisa midomo
kidole kilisimama. Hakikuendelea.
Mchungaji akachungulia, akavua miwani.
Mimi sikuwa na la kutafsiri.

Basi liliondoka alfajiri, vumbi likiwa bado limelala.
Alibeba sufuria, godoro lililokunjwa, kadi.
Benchi aliliacha kwenye baraza la kanisa
bila kumkabidhi mtu. Nzigamye akaanza kuliombea.
Dada Solveig, daftari wazi, akaniuliza
sasa aandike nini pale kwenye cheo.

Saa nne ikaja habari: bibi mmoja, Zoni ya Tano.
Asukulu, yule wa posho, alifungua tai,
akaizungusha ikawa kata, akaiweka utosini,
akainama, akashindwa kulinyanyua peke yake.
Mchungaji akashika miguu ya nyuma.

Tulipofika, watu walikuwa bado wamesimama uani.
Asukulu hakusema neno, hata la Kifaransa.
Alisogeza kuni, akalitua,
akalisogeza tena, akitafuta palipo sawa.